Folda yenye jina la biharusi

Kwetu Unguja, ukumbi wa wanawake siku ya kumtoa biharusi una sheria yake mlangoni. Hapo anakaa shangazi mmoja asiyejua mzaha, kapu la ukili liko mbele yake, na kila anayeingia anatia simu humo. Ukikataa, njia uliyojia ndiyo hiyo hiyo ya kurudia. Ndani mabaibui yanavuliwa, nywele zinaachwa wazi, hina na piko zimepanda mpaka kwenye viwiko, udi unafuka, asumini zinanukia, na biharusi amekaa pale juu kwa raha ya mtu anayejua kwamba mwanamme haingii. Watu mia mbili humo ndani, kamera moja. Aliyeishika ni mimi.

Nimezaliwa Wete, nimeolewa Unguja, na kazi hii ya kupiga picha za harusi upande wa wanawake nimeifanya zaidi ya miaka kumi. Kompyuta sikuisomea. Haya ninayoyaandika juu ya flashi nimeyapata kwa hasara, na hasara ya fedha ndiyo iliyokuwa ndogo kuliko zote. Baadhi ya mambo nimeyageuza kidogo, ili wenyewe wakisoma wasijijue na majirani wasianze kukisia.

Mwanzoni sikuwa na printa. Nikishachagua picha nazitia kwenye flashi ya GB 16, naifunga kwenye pindo la kanga chini ya baibui, napanda daladala mpaka Darajani. Nilijiona mjanja kweli kweli: mwizi akiukwapua mkoba wangu atapata nauli na kitana, flashi hataiona. Fikra yangu yote ya usalama ilikuwa hiyo, kwamba adui ni mwizi, na cha kulinda ni kile kipande cha plastiki.

Duka lenyewe lilikuwa steshenari ya kawaida, jina silitaji, maana kosa lilikuwa langu zaidi kuliko lao. Siku hiyo foleni ilikuwa ndefu, kazi za serikali zimetangazwa, kila mtu na bahasha yake. Kijana wa kwenye mashine akaniambia, "Dada, niachie flashi, pitia baada ya Alasiri." Nikamwachia. Niliporudi picha 40 ziko tayari, rangi nzuri, nikalipa, flashi nikaifunga tena pindoni, nikaenda zangu sokoni kutafuta samaki changu.

Wiki mbili baadaye nilirudi pale pale kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa cha mwanangu, skuli walikuwa wanakitaka. Wanaume sita au saba wameegemea kaunta. Kijana akafunga dirisha alilokuwa akifanyia kazi, skrini ikabaki na vile vialama vya folda tu, na katikati yake nikaliona jina la biharusi wangu. Jina lake na la baba yake, na neno "harusi" mwishoni, kama nilivyoliandika mimi kwa mkono wangu.

Hakuiba. Ndivyo walivyokuwa wakifanya kazi kila siku: flashi ikiingia, vyote vilivyomo vinakopiwa kwenye mashine ili flashi itoke na mwengine apate nafasi, kisha anaprinti kwa zamu. Mimi nilitaka picha 40. Kwenye flashi zilikuwamo zaidi ya 600, pamoja na zile za siku ya singo, yaani siku ya kumsinga biharusi mwili, mwenyewe amejifunga kanga moja tu. Na folda hiyo haikuwa peke yake. Palikuwa na hati za viwanja, wasifu wa waombaji kazi, karatasi za hospitali zilizoskaniwa, na moja nilisoma jina lake tu nikageuza macho, "talaka". Zinarundikana wiki kwa wiki, hazifutwi, kwa sababu hakuna anayelipwa kuzifuta. Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake, na kwenye ile kompyuta mimi nilikuwa mpita njia.

Nikamwita kwa sauti ya chini. "Mdogo wangu, ile folda ni yangu. Ifute." Akaifuta. "Na kwenye kapu la taka." Akacheka, akaifuta na huko. "Dada, mimi hata sikuangalia." Namwamini mpaka leo. Lakini mashine ile ilikaliwa na vijana watatu kwa zamu, na mchana wateja wenyewe walikuwa wakiruhusiwa kuketi hapo kufungua barua pepe zao.

Siku ya tatu nikaenda kwa mama wa biharusi. Nilimkuta uani anachambua mchele kwenye ungo. Nikamweleza bila ya kuzunguka. Akauliza swali moja tu: "Wameziona wangapi, mwanangu?" Nikasema sijui. Akaendelea kuchambua, punje kwa punje, mpaka nikadhani hatasema tena, kisha akasema, "Basi mwenyewe tusimwambie."

Hilo "sijui" ndilo lililonikaa kooni. Ningeibiwa ningejua kwamba nimeibiwa. Hapa hakuna kilichopotea, flashi iko mkononi mwangu, na idadi ya walioona sitaijua maisha.

Nimeanza na kisa hiki makusudi. Watu wakiniuliza habari za kulinda flashi wanataka kusikia juu ya pasiwedi, na pasiwedi isingenifaa kitu siku ile. Ningeiingiza mwenyewe, au ningemwandikia yule kijana kwenye kikaratasi, maana bila ya hivyo angeprinti nini? Kilichoniponza ni kubeba harusi nzima kwenda nayo dukani wakati kazi ilikuwa ya picha 40. Tangu hapo flashi ya dukani ni nyingine kabisa, ndogo, haina kitu ila zinazoprintiwa siku hiyo, na majina ya faili ni namba tupu. Nasimama nyuma ya kiti, picha zinatoka moja kwa moja kwenye flashi, hazikopiwi, na siondoki hata foleni yote ikininunia. Za singo haziendi dukani kabisa. Zamu yangu ya upatu ilipofika nilinunua printa ndogo ya picha. Wino wake unauma, lakini inakaa chumbani kwangu.

(Virusi ni jambo jingine la madukani, nalipitia haraka. Ukirudi nyumbani ukakuta folda zako zote zimegeuka shotikati, usilie na usifomati. Mara nyingi faili zipo, zimefichwa tu, na amri ya attrib inazitoa. Ila safisha kompyuta kwanza, usije ukazitoa asubuhi zikafichwa tena jioni.)

Ramadhani iliyofuata alikuja kufuturu mtoto wa dada yangu, aliyekuwa akisoma mambo ya kompyuta chuoni. Nikamsimulia, na ili nisionekane mjinga wa moja kwa moja nikajisifu kidogo. Nikamwambia flashi yangu moja nilikuwa nimempa shemegi, mwalimu, abebee mitihani, lakini kabla ya kumpa niliifomati, ikawa tupu kama siku niliyoinunua.

Akatabasamu. "Mama mdogo, unayo nyingine uliyoifomati?"

Ninayo. Akaichomeka kwenye laptopu yake, akafungua programu inayoitwa Recuva, ya bure, yeyote anaipata. Sisi tukaendelea na uji na mihogo ya nazi. Hata wakati wa tarawehe haujafika, picha zikaanza kujipanga kwenye skrini. Biharusi wa Jang'ombe. Biharusi wa Bububu. Mmoja wa Chake nilikuwa nimeshamsahau, ameshaachika na kuolewa kwengine, na hapa anacheka na meno yote nje. Nikapiga ukelele, "Geuka!" nikaifunika laptopu kwa kitambaa cha sinia. Yule mtoto maskini aligeuka akautazama ukuta, na somo lote lililofuata alinifundisha akiwa amenipa mgongo.

Alinieleza hivi. Kufuta faili, au kuifomati flashi kwa ile njia ya haraka, ni kuchana ukurasa wa yaliyomo na kukiacha kitabu. Kompyuta inatafuta orodha, haioni, inasema flashi ni tupu; kurasa zenyewe zipo mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Nikauliza, basi nikiijaza kaswida mpaka juu si zitafutika? Akasema nyingi zitafutika, lakini kwa flashi huwezi kuapa. Ndani yake mna kichipu kinachogawa kazi ya kuandika. Vyumba vya kumbukumbu vinachakaa kwa kuandikwa mara kwa mara, kwa hiyo kichipu kinahamahama ili vichakae kwa usawa, na vingine kinaviweka akiba. Wewe unadhani umeandika juu ya picha ya zamani, kumbe umepewa chumba cha jirani. Ya zamani inaweza kubaki pahala usipofika wewe, na mwenye vifaa akafika.

"Kwa hiyo cha kutia humo kitie kimeshafungwa," akauambia ukuta. "Usikitie wazi ukategemea kufuta."

Ile ya shemegi niliidai usiku ule ule. Alikuwa ameshampa mwalimu mwenzake wa Makunduchi, na yule amempa mwanawe. Niliipata baada ya Idi, nimetumia nauli kuliko bei yake. Niliivunja kwa jiwe uani, nikahakikisha kwamba kilichopasuka ni kile kichipu cheusi cha ndani na si gamba tu. Watoto wa jirani walinitazama kama nimeingiwa na kitu.

Kwenye kufunga nilianza na upuuzi. Kwanza niliificha folda kwa ile alama ya kuficha. Mwanangu wa darasa la sita aliifichua kwa kubonyeza mara mbili, tena bila ya kuulizwa. Kisha nikatumia programu iliyokuja na flashi kutoka kiwandani, yenye picha ya kufuli. Kwangu ilifanya kazi. Kwenye kompyuta ya mteja ikagoma kufunguka, nikabaki nimekaa sebuleni kwa watu, juisi ya ukwaju mkononi, na flashi iliyojaa picha zao ambazo hakuna anayeweza kuziona, mimi nikiwemo.

Kufunga kwa kweli ni kuisimba faili, yaani programu inaivuruga kwa hesabu, na asiye na pasiwedi akiitazama anaona takataka. Aiokote, airudishe kwa Recuva, aipeleke kwa fundi, takataka ni zile zile. Windows inayo yake, BitLocker, lakini ili uifunge flashi kwa hiyo lazima Windows yako iwe ya Pro au zile za maofisini na vyuoni. Yangu ilikuwa ya Home, ambayo inaifungua flashi iliyokwisha kufungwa na mwengine lakini yenyewe haifungi. Ndipo yule mtoto wa dada yangu akanitilia VeraCrypt, ya bure, iliyoanza mwaka 2013 kutokana na TrueCrypt, programu ya zamani ambayo wenyewe waliiacha mwaka 2014. Inatengeneza faili moja kubwa, mimi naliita kasha. Ukilifungua kwa pasiwedi linatokea kama diski nyingine, unatia na kutoa upendavyo. Ukilifunga, halionyeshi hata jina la picha moja.

Kasha langu la kwanza lilikataa kuingia kwenye flashi. Kasha ni GB 6, flashi ina GB 14 tupu, kompyuta inasema faili ni kubwa mno. Nilishavaa baibui kwenda kugombana na muuzaji. Njiani nikampigia yule kijana, akaniuliza flashi imefomatiwa kwa mpango gani. FAT32. Akasema mpango huo haupokei faili moja inayofika GB 4, hata flashi iwe kubwa kama pipa. Niifomati kwa exFAT. Nikarudi nyumbani kimya kimya. Muuzaji yule hajui alivyonusurika.

Jambo jingine nililolijua kwa kuumia: kasha lazima ulifunge kwa amri yake kabla ya kuchomoa. Ukichomoa tu kwa sababu gari inakupigia honi, unaweza kuliharibu, na kasha bovu si sawa na picha moja mbovu.

VeraCrypt ina kikwazo chake unapokwenda kwa watu. Kuiendesha kwenye kompyuta ya mwengine ambayo haijatiwa programu hiyo kunataka ruhusa ya msimamizi wa kompyuta, na kompyuta za ofisi hazikupi. Kwa hiyo kasha ni la kwangu mwenyewe, nyumbani. Za kuwapelekea wateja nazifunga kwa 7-Zip, programu ya bure ya kubana faili, kwenye faili ya 7z yenye pasiwedi, inayosimbwa kwa AES-256, njia ya kusimba iliyo imara. Kuna biharusi mmoja dada yake yuko Maskati, hakujaaliwa kuja, akalia sana kwenye simu, mama akataka picha zimfikie. Flashi ilikwenda na mtu aliyekuwa akisafiri, mtu mwema, lakini mwanamme. Nikaifunga, nikaridhika. Flashi imeshaondoka ndipo nilipoijaribu kopi yangu kwenye laptopu ya yule mtoto wa dada yangu, nikaona picha hazifunguki ila majina yake yanasomeka yote, kuanzia "singo_01" mpaka "chumbani_37". Pana kisanduku cha kutia alama ili majina nayo yasimbwe, mimi nilikipita. Picha haikuonekana, lakini orodha kama ile mbele ya mwanamme anayeijua familia ni habari kamili. Siku hizi hicho kisanduku ndicho ninachokitazama mwanzo.

Pasiwedi ya Maskati sikuipeleka na flashi. Nilimpigia dada mtu mwenyewe, nikamtajia kwa mdomo, na nikamwomba aitumie kwenye kompyuta yake ya nyumbani, si ya kazini. Sababu yake ni hii: ukibonyeza picha ndani ya 7-Zip ili uitazame, programu inaitoa kwanza kopi iliyo wazi na kuiweka kwenye folda ya muda ya kompyuta hiyo. Ukifunga inaifuta, lakini kufuta tumeshakuona kulivyo.

Yule kijana anapenda kunisimulia mambo ya wakubwa ili nisijione mpumbavu peke yangu. Mwaka 2017 mtu aliokota flashi barabarani London, akaenda kuifungua kwenye kompyuta ya maktaba, akakuta mambo ya usalama ya uwanja wa ndege wa Heathrow, zaidi ya faili 1,000, hakuna pasiwedi, hakuna kilichosimbwa. Mwaka uliofuata wenye uwanja walitozwa faini ya pauni 120,000. Na Japani, mwaka 2022, mfanyakazi wa kampuni iliyopewa kazi na mji wa Amagasaki alikwenda kulewa baada ya kazi, akalala njiani, alipozindukana mkoba hana, na ndani yake flashi zenye habari za wakaazi wote wa mji, kiasi cha watu 460,000. Zile zilikuwa zimesimbwa, na mkoba ukapatikana. Watu wangepumua, lakini ofisa mmoja mbele ya waandishi wa habari akasema pasiwedi ina herufi na namba ngapi! Kila nikikumbuka hicho kipande nacheka, kisha nakumbuka kile kikaratasi ambacho ningempa kijana wa Darajani, naacha kucheka.

Sasa nije kwenye aibu yangu kubwa, ambayo haikutokana na mtu mwengine.

Nilipoanza kujua kufunga nikapata wazimu wa kufunga. Kila harusi kasha lake, kila kasha pasiwedi yake. Mtoto wa dada yangu alinionya kwamba jina la mwanangu na mwaka wake wa kuzaliwa si pasiwedi, wala mstari wa taarabu ambao mji mzima unauimba. Nichukue maneno manne matano yasiyojuana kabisa, kama yaliyookotwa sokoni gizani. Nikayapenda maneno hayo. Nikawa nayatunga kama mtu anayetunga mafumbo. Kuyaandika nilikataa, niliona kuandika ni udhaifu.

Harusi moja ya Mikunguni, usiku wa kuamkia Idi, nyumba imejaa wageni, mkono mmoja unakoroga mkate wa ufuta na mwengine uko kwenye laptopu, nikatengeneza kasha, nikatunga maneno manne, nikahamisha picha, nikakopi kasha kwenye flashi ya pili na nyingine nikampelekea dada yangu Wete kwa meli, maana flashi zetu huku hewa ya chumvi inazila. Nikafuta kadi ya kamera na kuijaza harusi nyingine. Kila kitu kama nilivyofundishwa.

Mwezi mmoja baadaye mama wa biharusi akaja kutaka albamu. Nikachapa neno la kwanza bila ya kufikiri. Vidole vikasimama.

La kwanza nalikumbuka. La nne nalikumbuka, nalo pia silitaji hapa. Mawili ya katikati yamekwenda. Nilijaribu siku nzima, nikajaribu kukoroga mkate wa ufuta tena nikidhani mkono utakumbuka. Kopi ya Wete haikunifaa kitu. Ni kasha lile lile, na pasiwedi ile ile. Nikampigia mtoto wa dada yangu, yeye sasa ameajiriwa, akaja akafanya hesabu mbele yangu. Tuseme kamusi ina maneno 20,000. Mawili ya kukisia ni 20,000 mara 20,000, yaani milioni 400. VeraCrypt imefanywa makusudi iwe nzito kujibu ili wakisiaji wachoke. Kwa laptopu yangu tuseme jaribio moja kwa sekunde moja. Inafika zaidi ya miaka 12, usiku na mchana, bila ya kuzima. Sisi tuliokuwapo Unguja kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, kisiwa kizima miezi mitatu bila umeme, tulitazamana tukacheka. Kicheko changu kiliishia njiani.

Fedha nilizirudisha zote. Mama mtu alizipokea, hakunitukana, akasema, "Zimekuwa salama kupita kiasi, mwanangu." Biharusi aliniambia bora zingeonekana na mji mzima kuliko kutoonekana na yeye mwenyewe. Sikubaliani naye, na nadhani hata yeye hakubaliani na maneno yake, lakini siku ile sikuwa na haki ya kubisha.

Bibi yangu wa Wete aliniachia kasha la kweli, la mbao, lenye misumari ya shaba, na chini yake mna saraka ndogo ambayo usipoonyeshwa huioni. Yeye alikuwa akiweka humo dhahabu na karatasi ya shamba la mikarafuu. Sasa mna daftari dogo lenye pasiwedi zangu, kwa kalamu ya wino, na jina la harusi halimo humo, kuna alama tu ninayoijua mimi na dada yangu. Yule kijana ananihimiza nitumie programu ya kutunzia pasiwedi, na kwa mambo ya barua pepe naitumia. Lakini mwizi wa kompyuta aliye ng'ambo hawezi kuvuta saraka ya bibi, na mwizi wa Ng'ambo, mtaa wetu wa hapa mjini, anatafuta simu na televisheni. Na nikifa leo, dada yangu anajua pa kuvuta.

Mama za maharusi siku hizi nakubaliana nao mapema, tena kwa maandishi: picha nakaa nazo miezi sita baada ya kukabidhi, kisha naharibu kasha na kopi zake zote, wakitaka waje watazame. Wengi hawaji. Mmoja alikuja, na bibi yake mzaa mama, wakakaa mkekani mpaka mwisho, na bibi akataka avunje flashi kwa mkono wake. Nikampa jiwe.

Yule kijana wa steshenari sasa ana duka lake Mlandege. Nikiingia huinuka, ananipa kiti chake na kuigeuzia skrini upande wangu kabla sijasema neno, kisha anakwenda mlangoni kusimama na simu yake. Hatujapata kulizungumza.

Na lile kasha la Mikunguni bado ninalo. Siwezi kulitupa, siwezi kulifungua. Kila Ijumaa baada ya kufua nakaa nalo dakika kumi. Nina orodha ya maneno niliyokwisha kuyajaribu, imefika ukurasa wa tisa. Ijumaa iliyopita ilikuwa "kibatari" na "kunazi". Siyo.